Majina Yaliyokosa Kuvaa

Injenia alifika Baraka kwa boti ya kutoka Uvira, amevaa jaketi la kuelea juu ya suti, na hakulivua mpaka alipoingia ndani ya biro yetu, ile ofisi ndogo kando ya soko. Alipita nalo katikati ya soko, rangi ya machungwa kifuani, kana kwamba ziwa lingempandia huko kati ya meza za mihogo. Na mimi, niseme tu ukweli, nilipomwona nilimpenda. Si kwa mapenzi ya ndoa. Nilipenda mkoba wake. Ulikuwa na mifuko midogo nje, kila mfuko na zipu yake, na mtu aliyesoma kushona kama mimi hawezi kudharau zipu nane zilizonyooka. Nikajisemea, mtu mwenye mkoba uliopangwa hivi, kichwa chake nacho lazima kimepangwa. Huo ndio ujinga wangu wa kwanza katika habari hii.

Biro yetu ilikuwa na kazi moja, kutafutana kwa watu waliopotezana wakati wa kukimbia. Vita vilipofika pwani ya Fizi watu waliingia boti yoyote iliyokuwa karibu, mama katika hii, mtoto katika ile, na boti zikaenda kutua mahali mbalimbali upande wa Tanzania. Huko kambini watoto waliobaki peke yao waliandikwa. Kisha kila baada ya majuma mawili au matatu, kadiri risasi zilivyoruhusu, disketi ilivuka ziwa kuja kwetu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu. Mimi niliitia katika mashini, kompyuta yetu pekee, nikachapa orodha, nikaibandika kwenye ukuta wa nje unaotazama soko. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, mimi niliyeishia mwaka wa nne, kwa sababu shule yetu iligeuka kambi ya askari na cherehani zote zikaondoka bila mtu yeyote kuziona zikiondoka.

Orodha ilikuwa ndefu kupita subira ya binadamu, na wengi waliokuja kuitazama hawakujua kusoma. Kwa hiyo tulikuwa na njia yetu. Mwalimu mmoja asiye na darasa, aliyewahi kufundisha Kiingereza na kompyuta kidogo kambini ng'ambo kabla ya kurudi, alisimama ukutani siku za soko na kusoma kwa sauti. Kusoma yote kila mara kungemkausha koo, tena watu walikuwa wameshasikia ya zamani. Basi mimi, kabla ya kubandika, nililinganisha orodha mpya na ya zamani kwa kidole, na kila mstari wenye jambo jipya niliupaka penseli mpaka ukawa wa kijivu. Mtoto mpya nilimpaka. Mtoto wa zamani ambaye habari zake zimerekebishwa, naye nilimpaka. Mwalimu alisoma hiyo tu. Wamama wa soko wakaipa jina, majina yaliyovaa. Yale mengine yalikuwa uchi, na hakuna aliyeyajali.

"Leo kuko yenye kuvaa?" waliuliza kutoka mbali, mikono ikiwa bado katika unga.

Nikisema hakuna, hawakusogea hata hatua moja.

Sasa wakubwa wa mjini walikuwa wameona penseli yangu. Nadhani mgeni fulani aliipiga picha. Wakaona aibu, ndiyo maana wakamtuma injenia. Siku ya kwanza alisimama mbele ya ukuta, akagusa mstari mmoja, akatazama kidole chake kilichochafuka.

"Mademoiselle, hii ni nini?"

"Ni penseli, bwana injenia."

"Naona ni penseli. Nauliza ni ya karne gani."

Nikacheka. Nilidhani anatania, na mimi nikitaniwa hucheka. Yeye hakucheka. Alikusanya penseli zangu zote, hata ile fupi ya sikioni, akazitia katika mfuko mmoja wa mkoba na kuvuta zipu.

Kisha akanifundisha, kwa sababu alipenda sana kusikia sauti yake mwenyewe. Lazima nikiri kwamba alichonifundisha kilikuwa kizuri, na sijui hata leo jinsi kitu kizuri hivyo kilivyokubali kukaa katika kichwa kile. Disketi, alisema, inabeba faili la XML. Kila mtoto amewekwa ndani ya kisanduku chake, na ndani ya kisanduku hicho mna visanduku vidogo, cha jina, cha kijiji, cha wazazi, cha alama za mwili. Watu wa kambini walikuwa wameanza kuandika neno moja zaidi juu ya kila mtoto, hali yake, kama ni mpya, imebadilika, au ni ileile. Neno "mpya" au "imebadilika" linabaki hapo mpaka ndugu ajitokeze. Halafu liko faili la pili, karatasi ya mtindo, XSLT kwa jina lake, lenye amri za kugeuza data ile iwe ukurasa wa kuchapwa. Kila mtoto anageuka safu moja ya jedwali, iliyogawanywa vyumba.

"Na penseli?" nikauliza.

"Penseli ni hapa." Akaonyesha kioo cha mashini. Mashini yenyewe itajiuliza ikifika kwa kila mtoto, je, hali ni mpya au imebadilika? Ikiwa ndiyo, safu ile inapewa sifa, na sifa hiyo inaipaka kijivu. Ikiwa siyo, haipewi kitu, inapita ilivyo. Amri ya kuuliza ni xsl:if. Amri ya kuvisha ni xsl:attribute, nayo inakaa ndani ya ile ya kuuliza, kama mkono ndani ya shati.

Nilitaka kulia kwa uzuri wake. Nilijiona miaka kumi mbele, nina chumba changu karibu na barabara ya Fizi, cherehani upande huu, mashini upande ule, nauza magauni na karatasi zinazojiuliza. Nilimwambia ndoto hiyo. Alikuwa anakula karanga.

"Shona kwanza," akasema.

Akaandika amri zake. Niliziona kwa macho yangu. Alifungua safu, akaweka chumba cha jina, cha kijiji, cha wazazi, cha alama, na chini kabisa, baada ya vyumba vyote, ndipo akaweka ile xsl:if yake. Akapigapiga kioo kwa kucha.

"Kwanza unaweka mtu, kisha unamvisha. Ni logique."

Nikaitikia kwa kichwa. Bila shaka niliitikia. Mtu mwenye zipu nane akisema logique, msichana wa mwaka wa nne afanyeje?

Akabandika amri mlangoni, na muhuri: mkono wa mtu usiguse orodha iliyotoka kwenye mashini. Kisha akapanga alama moja ndogo kwenye kioo, nikiigonga mara mbili kila kitu kinafanyika chenyewe. Dirisha jeusi lilitokea, likajifunga kama mtu anayekonyeza, na ukurasa ukawa tayari. Ndani ya dirisha lile niliona maneno meupe. Nikamuuliza.

"Ni tahadhari tu, si kosa. Mashini inaongea yenyewe. Usiisikilize."

Wakati ule kulikuwa na mama mmoja wa Swima aliyekuja kila siku ya soko kwa boti, na ndagala zake, dagaa wa ziwani, katika beseni. Alikuwa akitafuta binti yake wa miaka saba. Siku ya kukimbia alimpandisha mtoto kwanza, akageuka kuchukua kifurushi, na boti ikasukumwa. Hivyo tu. Alisimulia bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya kufika kwake. Mtoto alikuwa na kovu la mawese ya moto juu ya goti la kushoto, na mama alinionyesha mahali pake kwenye goti lake mwenyewe kila alipokuja, kama vile ningesahau.

Siku ambayo orodha ya kwanza ya injenia ilibandikwa alisimama ukutani na beseni kichwani.

"Mwanangu, leo kuko yenye kuvaa?"

Nilitazama. Karatasi zilikuwa safi, nyeupe, nzuri, mistari imenyooka kama mshono wa fundi. Na zote zilikuwa uchi.

"Hakuna, mama."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akashusha beseni. "Basi zimebaki mbili," akasema. Ndipo akaniambia. "Bashemeji banataka nikae kilio. Banasema mutu asiyeliliwa anasumbua nyumba, ndiyo maana mihogo inaoza. Nikabaambia, munipe orodha tatu. Kama ya tatu hana, mi nitakaa chini, munyoe."

Kwao kilio kikishakaliwa kimekaliwa. Mama ananyolewa, vitu vya mtoto vinagawiwa, na baada ya hapo ukienda ukutani kumtafuta unaonekana unamwita mfu. Hakuna shemeji atakayekupa nauli ya boti kwa kazi hiyo. Nilirudi ndani nikamuuliza injenia inawezekanaje orodha nzima isiwe na jambo jipya.

"Maana yake hakuna jipya. Mashini haina huruma, mademoiselle. Penseli yako ndiyo ilikuwa na huruma, ilipaka paka tu."

Nilijiuliza usiku na mchana kama kweli nilikuwa nimepaka ovyo. Angalia mtu anavyoweza kukuondolea imani katika kidole chako mwenyewe.

Orodha ya pili ikaja, uchi vilevile. Mwalimu alisimama ukutani mikono nyuma, hana cha kusoma, akaanza kuwaeleza watu habari za mvua. Mama wa Swima hakuuliza safari hiyo. Alitazama uso wangu tu, akarudi kwenye ndagala.

Siku hiyo injenia alitoka kwenda kusalimiana na mkubwa mmoja wa askari, na mimi nikafanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Sikufungua ukurasa. Nilifungua lile faili la kambini lenyewe, visanduku vyote wazi, kama kufungua sanduku la nguo kabla ya kupigwa pasi. Katika kioo cha kwanza tu niliona "imebadilika" mara tatu na "mpya" mara moja. Sikupata nafasi ya kushuka zaidi. Alikuwa amerudi, amesimama nyuma yangu, ananuka manukato na samaki.

"Bwana injenia, humu kuna vilivyobadilika. Kwenye ukurasa havijavaa."

"Havijavaa." Akarudia neno langu kama mtu aliyeokota soksi ya mwingine. "Mademoiselle, ulisoma mpaka wapi?"

"Mwaka wa nne. Kupima na kushona."

"Basi shona."

Tangu hapo disketi ilikaa katika mfuko wa koti lake, na yeye akakaa kando ya mashini, kiti kwa kiti. Niliruhusiwa kugonga ile alama na kulisha karatasi, basi. Nilicheka tena, lakini kicheko hicho kilikuwa na meno.

Nilikuwa na kitu kimoja tu alichokisahau, lile dirisha jeusi. Orodha ya tatu ilipofika nilijaribu kidogo wino wa kalamu kwenye kiganja, nikagonga alama. Dirisha likakonyeza. Nikashika neno la kwanza kwa macho, nikaliandika kiganjani chini ya meza.

"Haikushika, bwana injenia. Nirudie?"

"Rudia."

Nikagonga, nikapata neno la pili.

"Bado. Mashini leo imechoka."

"Mashini haichoki. Wewe ndiye unagonga kama mtu anayebisha hodi. Gonga kwa nguvu."

Niligonga kwa nguvu. Niligonga asubuhi nzima, naye akinilaumu vidole, mpaka kiganja kikajaa na maneno yakapanda mkononi kuelekea kwenye kiwiko. Ilikuwa lugha ya Kiingereza, sikuelewa hata moja. Niliyachora tu, kama kuchora pindo la gauni la mtu mwingine. Kisha nikachapa, nikabandika. Uchi. Ukuta mzima uchi, mara ya tatu.

Mama wa Swima alikuwa wa kwanza kufika. Hakuwa na beseni.

"Hakuna," nikasema kabla hajauliza, kwa sababu sikuweza kumsikia akiuliza.

"Aksanti, mwanangu. Weye umejitahidi." Akanishika bega. Yeye ndiye aliyenishika bega. "Nilimwacha akiwa na gauni ya njano. Nilikuwa nafikiri yeye hatapotea, maana ile njano inaonekana mbali."

Akaenda kwenye boti, bila kugeuka. Mwalimu alikuwa amesikia yote. Nikamnyooshea mkono wangu wote, kiganja mpaka kiwiko.

"Mwalimu, nisomee."

"Umeandika barua mwilini sasa?"

"Nisomee tu, baba."

Akavaa miwani yake yenye kamba, akaugeuza mkono wangu huku na huku kama mtu anayenunua samaki. Midomo ilisogea. Kisha akasema polepole, "Inasema hivi. Haiwezekani kuongezea elementi sifa, kama watoto wamekwisha kuongezwa ndani yake."

"Watoto gani?"

"Si hawa wetu. Ni vile vilivyomo ndani. Kitu cha ndani wanakiita mtoto wa kile cha nje. Vile vyumba vya safu, jina, kijiji. Inakataa kuvisha safu ambayo imeshajazwa."

Nikakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Sikuwa nimezimia. Nilikuwa naona suruali. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, siku ya kumi, anafundishwa kwamba mfuko wa pembeni unatiwa kabla ya kufunga ubavu. Ukishafunga ubavu, ukaja na mfuko wako mkononi, suruali haikutukani, haipigi kelele. Inakutazama tu. Unaweza kuuweka mfuko juu ya paja na kuupigapiga kwa kucha ukisema logique, lakini mtu hatatia mkono humo. Mashini ilikuwa inasubiri nguo mlangoni, wakati safu inafunguliwa. Akishaingia wa kwanza ndani, hata awe chumba cha jina tu, mlango wa sifa umefungwa. Nayo ilimwambia hivyo injenia kila siku, kwa adabu, kwa maandishi meupe, na yeye akaiita mazungumzo ya peke yake.

Saa sita injenia alikwenda kula. Alipenda mukeke, yule samaki wa ziwani, tena mkubwa, na mkubwa hula muda. Aliniachia kazi ya kuchapa nakala za kupeleka Nundu, na kwa mara ya kwanza alisahau disketi ndani ya mashini. Mwalimu alisimama mlangoni chini ya ile amri yenye muhuri, kifua mbele, akisoma orodha isiyo na cha kusoma ili aonekane ana shughuli.

Nilinakili kwanza lile faili la mtindo, nakala nikaiita jina lingine, kwa sababu hata fundi mbaya hakati kitambaa bila kipande cha kujaribia. Nikalifungua. Nikashuka mpaka mwisho wa safu, nikaikata ile xsl:if na kila kilichomo. Nikapanda juu, mpaka pale safu inapofunguliwa, kabla ya chumba cha jina, kabla ya chochote. Nikaibandika. Mistari mitatu ilihama kutoka chini kwenda juu. Sikubadilisha hata herufi. Nikaielekeza ile alama kwenye nakala yangu, nikaigonga, na dirisha jeusi likakonyeza tupu, bila neno.

Ukurasa ukafunguka na ulikuwa umevaa. Si wote. Ungekuwa wote ningeogopa. Mmoja hapa, miwili pale, mitano uchi, mmoja kijivu. Mashini ilikuwa imejiuliza kwa kila mtoto na kujijibu. Nikachapa, nikashuka na kidole kama zamani. Katika karatasi ya nne nilimkuta. Msichana wa miaka saba. Mwanzo alikuwa ameandikwa mtoto wa mwanamke wa Nundu aliyempakata botini, kisha wakapotezana ng'ambo. Sasa mwanamke huyo alikuwa ameeleza kwamba si wake. Kijiji, Swima. Kovu, goti la kushoto. Na pembeni tarehe ya marekebisho, ambayo ilikuwa kabla ya orodha ile ya kwanza. Mara zote tatu mtoto alikuwa juu ya ukuta wangu, amesimama uchi katikati ya wenzake, na mama yake ametazama hapo hapo.

Boti ya Swima ilikuwa imeshaondoka.

Nilibandika orodha, mwalimu akaanza kusoma. Sikuwa nimewahi kusikia sauti ya mwalimu ikivunjika, lakini ilivunjika kwenye jina la tatu. Wamama waliacha meza. Mmoja alikaa juu ya mihogo yake mwenyewe. Injenia akarudi na kijiti mdomoni, akapenya kati ya watu wanaolia, akafika ukutani.

"Nani amepaka?"

"Mashini."

Akalamba kidole, akasugua mstari mmoja. Haukutoka. Akasugua wa pili. Nilikuwa tayari hata kumsamehe, kama angenyamaza tu. Sikuhitaji zaidi ya hapo.

"Imeanza kufanya kazi," akasema. "Inahitaji siku chache kuzoea mahali."

Kuzoea mahali. Kama ng'ombe wa Minembwe aliyeteremshwa huku pwani kwenye joto.

"Bwana injenia, umeweka mfuko baada ya kufunga suruali," nikamwambia.

"Pardon?"

"Sifa inatiwa kabla ya watoto. Mashini ilikuambia. Hapa." Nikamwonyesha mkono wangu.

Akautazama ule wino, akanitazama mimi. "Nenda ukaoge," akasema, na ndani ya saa moja alikuwa amelibeba faili langu, jina langu la kujaribia limefutwa, katika disketi yake, katika mfuko, zipu ikavutwa. Baadaye nilisikia mjini aliwafundisha wenzake mahali pa kuweka xsl:if. Wanasema alifundisha vizuri.

Mimi nilikuwa na kazi nyingine. Ufukwe ulifungwa siku mbili, askari walikuwa wanahesabiwa na wakubwa wao na hakuna boti iliyopewa ruhusa. Siku ya tatu nilipanda na karatasi ya nne ndani ya plastiki, mafundo matatu. Nilifika Swima kabla ya adhuhuri, nikaulizia nyumba ya yule mama. Sikuhitaji kuuliza mara mbili, kilio hujulikana kwa viatu vilivyo nje.

Alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa asubuhi ile, kinang'aa, na kwenye utosi kulikuwa na mkato mdogo wa wembe. Wanawake waliendelea kulia. Shemeji mkubwa alikuwa pembeni na gauni moja la kitoto mkononi, anatafuta wa kumgawia.

Niliketi kwenye mkeka, nikafungua mafundo. Sikujua namna ya kulisema, shule hawakutufundisha. Nikaiweka karatasi juu ya mapaja yake. Hakujua kusoma, lakini alijua kutazama. Aliweka kidole juu ya mstari wa kijivu.

"Ule umevaa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ni wa nani?"

Nikagusa goti lake la kushoto.

Alikunja miguu, akainuka kutoka kwenye mkeka, na mtu akikaa kilio haruhusiwi kuinuka hivyo, bila kuinuliwa na wazee. Shemeji akafungua mdomo. Mama akachukua lile gauni mkononi mwake, akalikunja mara mbili, akaliweka kwapani.

"Muwe kimya kidogo," akawaambia waliaji. "Huyu mutoto atanisomea tena."

Nikamsomea. Nikamsomea mara nyingi mpaka wanawake nao wakaijua karatasi kwa moyo, wakawa wananisahihisha nikikosea mpangilio.

Msichana aliletwa Baraka baada ya majuma kadhaa, na watoto wengine wa mistari ya kijivu, kwa boti kubwa. Nilikwenda ufukweni na mama yake. Nywele zilikuwa zimeota kidogo tu, kama manyoya ya kifaranga, na alikataa kufunga kitambaa. Alisema mtoto anamjua bila kitambaa. Lakini mtoto aliposhushwa alisimama mbali. Alitazama uso, akatazama kichwa, akarudi nyuma hatua mbili na kushika mkono wa mtu aliyemshusha. Tulingoja. Mama alipiga magoti kwenye mchanga, akasema jina lake la nyumbani, lile ambalo halikuwa katika faili lolote. Mtoto akaja polepole, akaweka kiganja juu ya kile kichwa.

"Mama, nani alikufa?"

Mama akanitazama mimi, kana kwamba mtu wa mashini ndiye ajibu. Mimi nikatazama ziwa.

"Ni weye," mama akasema. "Tulikulilia. Tulikosea."

Mtoto akafikiri. Nilidhani atalia. Badala yake akakaa juu ya paja la mama yake, akajiweka vizuri.

"Koko alilia?" akauliza habari za bibi yake.

"Koko alilia mpaka akatapika."

"Na mama mudogo?"

"Yeye alijitupa chini, akaumia kiwiko."

Uso wa mtoto ukaanza kufunguka. Wakainuka, wakashika njia ya sokoni, mama amembeba mgongoni mtoto mkubwa kiasi kile, na mimi nyuma na kifurushi chake. "Na wale majirani ba mukate?" "Balilia." "Na mwalimu ya kanisa, ule ya dimanshi?" "Yeye alilia kidogo, alikuwa na homa." Aliwapitia wote mmoja mmoja, kijiji kizima, bila haraka, na kila aliyelia alimfanya acheke zaidi.

"Na baba mukubwa?"

Mama akampandisha vizuri mgongoni.

"Yeye ndiyo alileta wembe."